Waliokula fedha za wasio na kazi washtakiwe wapi?

Na Mwandishi Wetu, Kampala

UGANDA haina mfuko unaomlipa kila mwezi mtu aliyepoteza kazi. Kijana anayepunguzwa kiwandani Jinja, au mhudumu wa baa anayefungiwa milango Kabalagala, hurudi kwa ndugu zake na kuanza upya kwa nguvu zake mwenyewe. Hata hivyo, mwezi Julai 2021 Serikali ilifanya jambo lisilo la kawaida: ililipa watu kwa sababu tu walikuwa wamezuiwa kufanya kazi.

Kila aliyeorodheshwa aliahidiwa Sh100,000. Na kama ilivyo kwa fedha nyingi za umma, kabla hazijamfikia mlengwa walikuwapo wengi waliokwisha kuzitolea macho. Majina yalitiliwa shaka, walengwa wakalalamika kuwa hawakuandikwa, na magazeti ya wakati huo yakaripoti kukamatwa kwa baadhi ya viongozi wa mitaa.

Tangu hapo limebaki swali ambalo halijapata jibu la wazi. Mtu anayetuhumiwa kula fedha za wasio na kazi ashtakiwe wapi? Apelekwe Kampala, katika mahakama maalumu ya ufisadi, au ashtakiwe mbele ya hakimu wa pale alipoandika majina ya uongo? Na kama amevuka mpaka, nani mwenye haki ya kumhukumu?

Kwa kusikia tu, hilo ni swali la mawakili. Lakini kwa mfanyabiashara wa Busia, Malaba au Mutukula, na kwa mtu aliyerejea nyumbani kutoka kambini, ni swali la nauli na siku za soko zinazopotea. Zaidi ya yote, linaamua kama kesi itafika mwisho au itafia njiani.

Fedha zilizotoka mara moja

Rais Yoweri Museveni alitangaza amri ya kubaki nyumbani kwa siku 42 tarehe 18 Juni 2021, baada ya wimbi la pili la corona kupamba moto. Teksi na mabasi yalisimama, baa zikabaki zimefungwa, na wachuuzi wengi wakakosa wateja.

Waziri Mkuu Robinah Nabbanja alizindua malipo mwanzoni mwa mwezi uliofuata. Walengwa walikuwa karibu watu 500,000 wa Kampala na maeneo yanayoizunguka, pamoja na majiji na manispaa za mikoani, na bajeti yake ilizidi Sh50 bilioni. Miongoni mwa waliotajwa walikuwamo madereva na makondakta wa teksi, waendesha bodaboda, wafanyakazi wa saluni na wahudumu wa baa. Fedha zilipitia Benki ya Posta na kuingia kwenye simu za walengwa. Mitaani watu walizibatiza jina la Waziri Mkuu mwenyewe.

Mpango ulikuwa rahisi kuuelewa. Viongozi wa mitaa na watumishi wa halmashauri wanaandika majina, namba za vitambulisho vya taifa na namba za simu. Orodha inapanda juu, inahakikiwa, kisha fedha zinashuka. Pale ambapo jina la kitambulisho halikulingana na jina la laini ya simu, malipo yalikwama.

Udhaifu wa mpango wa namna hiyo uko mwanzoni kabisa, pale kalamu inapogusa karatasi. Anayeandika orodha anaweza kumwingiza mkewe, shemeji yake na mpangaji wake. Anaweza kumwambia mlengwa halali kwamba jina lake litaingia iwapo atakubali kugawana naye. Anaweza pia kuchukua kitambulisho cha mtu asiyejua lolote na kukiunganisha na laini ya simu ya mtu mwingine.

Wizi wa aina hiyo ni mdogo ukitazamwa kwa kila mtu. Sh100,000 za wakati ule zilikuwa chini ya dola 30 za Marekani. Lakini kwa familia iliyokuwa imekaa wiki kadhaa bila kipato, kiasi hicho kilikuwa unga, maharage na mafuta ya taa. Ndiyo maana kosa hili halipaswi kudharauliwa, ijapokuwa halifanani na mabilioni tunayoyasoma kwenye kurasa za mbele.

Sheria inasema nini

Kanuni ya zamani inayofuatwa na mahakama za mahakimu nchini Uganda ni kwamba kosa husikilizwa kwa kawaida na mahakama ya eneo ambamo limetendwa. Ikiwa kitendo kimefanyika mahali pamoja na madhara yake yakatokea mahali pengine, mahakama ya upande wowote kati ya hizo mbili inaweza kulisikiliza. Na ikiwa haijulikani hasa ni wapi kosa lilitendeka, sheria haimwachii mtuhumiwa mwanya wa kuponyoka kwa kisingizio hicho.

Kwa mpango wa mwaka 2021, hiyo ina maana kwamba orodha iliyochezewa Katwe ingeweza kusikilizwa Makindye, na ya Busia ikasikilizwa Busia. Wakati huohuo, kwa kuwa fedha zilitoka Kampala na hasara ilikuwa ya Serikali Kuu, upande wa mashtaka ungeweza pia kudai kwamba kesi zote ni za Kampala. Milango yote miwili iko wazi, na uchaguzi unabaki mikononi mwa waendesha mashtaka.

Hao nao ni wawili. Yuko Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, maarufu kama DPP, ambaye madaraka yake yanatokana na Katiba. Yuko pia Mkaguzi Mkuu wa Serikali, IGG, ambaye Katiba hiyohiyo inampa uwezo wa kukamata na kushtaki katika mambo ya rushwa na matumizi mabaya ya madaraka. Tangu Desemba 2018 kimekuwapo pia kitengo cha Ikulu cha kupambana na rushwa, ambacho hupokea malalamiko ya wananchi na kushirikiana na vyombo hivyo.

Aina ya shtaka nayo inasaidia kuonyesha mahali. Mtu wa kawaida aliyedanganya ili alipwe anakabiliwa na kosa la kujipatia fedha kwa njia ya uongo, ambalo adhabu yake ya juu chini ya Kanuni ya Adhabu ni miaka mitano jela. Kiongozi aliyetumia muhuri wake kuuza nafasi anaingia kwenye Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009, ambamo matumizi mabaya ya ofisi na ubadhirifu vina adhabu kali zaidi. Ubadhirifu peke yake unaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha miaka 14.

Wengi hawajui kwamba hakimu mkuu wa wilaya ana uwezo wa kusikiliza makosa hayo yote. Kinachomshinda ni kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifo. Kwa hiyo hoja kwamba mahakama za mikoani ni ndogo mno kwa kesi hizi haina mashiko.

Kololo ilianzishwa kwa kazi gani

Divisheni ya Kupambana na Ufisadi ya Mahakama Kuu ilianzishwa mwaka 2008, na wakazi wa Kampala waliizoea kwa jina la Kololo. Lengo lilikuwa kuwa na majaji na mahakimu wanaoijua vizuri lugha ya vocha, hundi na vitabu vya hesabu, ili kesi za wakubwa zisipotee katika msongamano wa mahakama za kawaida.

Kwa kiasi kikubwa lengo hilo limezaa matunda. Aprili 2009, Jaji John Bosco Katutsi alimhukumu Teddy Cheeye, aliyekuwa ofisa wa Shirika la Usalama wa Ndani, kifungo cha miaka 10 kwa wizi wa fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Novemba 2016, Jaji Lawrence Gidudu aliwatia hatiani maofisa watatu wakuu wa zamani wa Wizara ya Utumishi wa Umma. Kesi yao ilihusu bajeti ya Sh88 bilioni za michango ya NSSF kwa watumishi wa umma, ilhali watumishi hao hawachangii mfuko huo.

Kesi kama hizo ni za Kololo bila ubishi. Makaratasi yake yalikuwa wizarani, benki zake zilikuwa Kampala, na mashahidi wake wengi walikuwa wahasibu na wakaguzi wanaofanya kazi mjini humohumo. Kumpeleka katibu mkuu wa wizara akashtakiwe wilayani kungekuwa kichekesho.

Lakini mahakama moja haiwezi kuwa dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2013 shughuli zake zilisimama kwa miezi kadhaa baada ya uhalali wake kupingwa katika Mahakama ya Katiba, na mafaili yakabaki makabatini hadi pingamizi lilipotupwa mwishoni mwa mwaka huo. Nchi inapoweka kesi zote za aina moja chini ya paa moja, paa hilo likivuja kila mtu analowa.

Zaidi ya hayo, mwenyekiti wa LC1 anayetuhumiwa kula Sh300,000 akipelekwa huko atapanga foleni nyuma ya mawaziri. Faili lake litaahirishwa ili kesi kubwa zipite. Mashahidi wake, ambao ni majirani zake, watachoka.

Shahidi wa Busia ana siku ngapi?

Tuchukue mfano wa mama anayeuza nguo Busia. Jina lake lilitumiwa kupokea fedha ambazo hakuziona. Polisi wamemwandikisha maelezo, na sasa anaitwa kutoa ushahidi Kampala, karibu kilomita 200 kutoka kibandani kwake.

Anaondoka alfajiri. Akifika anaambiwa wakili wa mshtakiwa ana udhuru, arudi baada ya wiki tatu. Mara ya pili hakimu yuko likizo. Mara ya tatu mshtakiwa mwenyewe ameleta cheti cha daktari. Kila safari imemgharimu nauli, chakula na siku nzima ya mauzo, na siku hiyo ikiwa ya soko, hasara ni maradufu. Kabla ya safari ya nne amekwisha kutumia fedha nyingi kuliko zile alizoibiwa.

Mama huyo akikata tamaa, hakimu hana la kufanya. Kesi bila shahidi hufutwa, na mshtakiwa anarudi mtaani kifua mbele akidai kwamba mahakama imemsafisha. Watu wanajifunza kwamba kulalamika ni kujisumbua bure.

Kesi hiyohiyo ikisikilizwa Busia, hadithi inabadilika. Mama anafunga kibanda saa mbili asubuhi na kufungua tena saa saba mchana. Mwenye duka la simu aliyesajili laini anaitwa siku hiyohiyo. Orodha ya asili inatolewa ofisi ya manispaa iliyo karibu. Hakimu akitaka kujua kama mtu fulani ni mkazi wa mtaa huo, majirani wako nje ya mlango.

Na kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye sheria. Aliyeibiwa anaiona haki ikitendeka. Kifungo kilichotolewa Kampala husikika redioni kwa dakika moja na kusahaulika. Kifungo kilichotolewa mbele ya watu wa soko lako hukumbukwa kila orodha mpya inapoandikwa.

Somo la waliorejea

Wale waliorejea kutoka uhamishoni na makambini wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi, kwa sababu maisha yao yamepita mikononi mwa waandika orodha. Walioweka silaha chini na kurudi kwa Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 walipewa kifurushi cha kuanzia maisha, ambacho ndani yake kulikuwamo Sh263,000 na vifaa vya nyumbani. Wakimbizi wa ndani wa Acholi walitegemea orodha za chakula. Wakimbizi kutoka nje bado wanazitegemea.

Mwaka 2012 ilibainika kuwa mabilioni ya shilingi za wafadhili, zilizotengwa kwa ajili ya kuijenga upya Kaskazini baada ya vita vya Joseph Kony, zilikuwa zimechotwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Ireland, Norway, Sweden na Denmark zilisitisha misaada, na Uganda ikalazimika kuirudishia Ireland euro milioni nne. Juni 2013 Mahakama ya Kupambana na Ufisadi ilimhukumu aliyekuwa mhasibu mkuu wa ofisi hiyo, Geoffrey Kazinda, kifungo cha miaka mitano kwa makosa yakiwamo ya kughushi na kutumia vibaya madaraka.

Hukumu ilikuwa halali, na mahali palikuwa sahihi kwa kuwa nyaraka zilighushiwa Kampala. Lakini mjane wa Gulu au Kitgum, zaidi ya kilomita 300 kutoka kizimbani, alipata nini? Fedha ziliporudishwa zilikwenda kwa wafadhili waliozitoa. Yeye aliyekusudiwa kujengewa kisima na zahanati hakuitwa hata kueleza alichokosa.

Mwaka 2018 yakaja mambo ya wakimbizi hewa. Hesabu rasmi ilikuwa ikisema Uganda ina wakimbizi karibu milioni 1.4. Uhakiki wa alama za vidole na macho uliomalizika Oktoba mwaka huo ulikuta takriban milioni 1.1. Si kila jina lililopungua lilikuwa la wizi, kwa kuwa baadhi ya watu walikuwa wamerudi kwao au kuhama. Lakini tofauti ya watu karibu 300,000 inaonyesha ukubwa wa mwanya ambao mwandika orodha anaweza kuutumia.

Aprili 2025 mahakama hiyohiyo ya Kampala ilimtia hatiani aliyekuwa Waziri wa Nchi wa Karamoja, Agnes Nandutu, katika kesi ya mabati yaliyokusudiwa wananchi wa Karamoja, na kumhukumu miaka minne. Tena waliokosa mabati walikuwa mbali, na waliohukumu walikuwa mjini.

Hatusemi kwamba kesi hizo zingepelekwa Gulu au Moroto. Tunasema kwamba hata pale kesi inapostahili kusikilizwa Kampala, sauti ya walioibiwa haina budi kufikishwa huko. Uganda ilitunga mwaka 2016 kanuni zinazoruhusu ushahidi kutolewa kwa picha na sauti kutoka mbali. Mzee wa Kitgum angeweza kukaa katika jengo la mahakama la wilayani kwake na kuhojiwa na jaji aliyeko Kampala.

Mwizi akivuka mpaka

Kwa wafanyabiashara wa mpakani kuna tatizo la ziada. Mtu mmoja anaweza kuwa na kitambulisho cha Uganda, laini ya simu ya Kenya na kibanda Tanzania. Akitenda kosa la mafao, limetendeka wapi?

Jambo hili si la kufikirika tu. Tanzania, baada ya mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, ina fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akipoteza kazi bila kujiuzulu, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Uganda haina fao kama hilo, ila NSSF humruhusu mwanachama aliyefikisha miaka 50 na kukaa mwaka mzima bila ajira kuchukua akiba yake. Pia wapo wanaoruhusiwa kuchukua akiba kwa sababu wanahama nchi moja kwa moja.

Tuseme mtu ameachishwa kazi Mwanza, anaanza kulipwa fao la kukosa ajira, kisha anavuka Mutukula na kuajiriwa Kampala huku akiendelea kusaini kwamba hana kazi. Au mwingine anaapa mbele ya NSSF Kampala kwamba anahama Uganda daima, anachukua akiba yote, kisha mwezi unaofuata anaonekana akiuza spea zake Kisenyi kama kawaida.

Kwa maoni yetu, jibu ni kufuata mfuko ulioibiwa. Wa kwanza ashtakiwe Tanzania, kwa sababu uongo ulisemwa kwa mfuko wa Tanzania na michango ni ya wafanyakazi wa Tanzania. Wa pili ashtakiwe Uganda. Mahali mtu alipokamatwa ni suala la usafiri tu.

Dunia nayo inakwenda hivyo. Wakati wa corona Marekani ililipa fedha nyingi kwa waliopoteza kazi, na Ofisi ya Ukaguzi ya Bunge lake ilikadiria mwaka 2023 kwamba kati ya dola bilioni 100 na 135 zililipwa kwa udanganyifu. Mmoja wa walioshtakiwa alikuwa Abidemi Rufai, ofisa katika serikali ya Jimbo la Ogun nchini Nigeria. Alikamatwa Mei 2021 katika uwanja wa ndege wa JFK, New York. Hata hivyo hakushtakiwa New York. Alipelekwa upande wa pili wa nchi, katika mahakama ya Tacoma, jimbo la Washington, kwa sababu mfuko wa jimbo hilo ndio uliokuwa umeibiwa kwa majina ya watu wengine. Septemba 2022 alihukumiwa miaka mitano.

Sheria zetu hazitufungi mikono. Kanuni ya Adhabu ya Uganda inahesabu kosa lililofanyika nusu ndani na nusu nje ya nchi kana kwamba lote limefanyika ndani. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inamgusa hata aliyekuwa nje, ikiwa kompyuta au taarifa zilizochezewa zilikuwa Uganda. Kati ya Uganda na Kenya upo utaratibu mfupi wa kurudishana watuhumiwa, ambapo hati ya kukamata ya upande mmoja huidhinishwa na hakimu wa upande wa pili.

Asidanganyike mtu kwamba Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha itamaliza kazi hiyo. Mahakama ile haina mamlaka ya kesi za jinai. Kama Kampala, Nairobi na Dodoma hazitashirikiana, mwizi ataendelea kuhesabu hatua zake kati ya nguzo mbili za mpaka.

Hofu ya mikoani

Wako wanaopinga kesi hizi kusikilizwa wilayani, na hoja yao ina uzito. Wanasema kiongozi wa mtaa anajuana na polisi, anajuana na karani wa mahakama, na pengine ndiye aliyemtafutia hakimu nyumba ya kupanga. Shahidi anayeishi mita mia kutoka kwa mshtakiwa anaweza kutishwa usiku. Kampala, wanasema, iko mbali na udugu wa namna hiyo.

Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini dawa yake si kumbebesha shahidi nauli. Anayepaswa kusafiri ni mwendesha mashtaka, ambaye analipwa na umma kwa kazi hiyo. DPP anaweza kumtuma wakili wa Serikali kutoka makao makuu kwenda Busia kwa wiki moja na kusikiliza mafaili kumi kwa mfululizo. Pale ambapo hakimu wa eneo ana uhusiano na mshtakiwa, hakimu mwingine anaweza kupangiwa, au kesi kuhamishiwa mji wa jirani kama Tororo. Huko bado mama wa Busia atafika na kurudi siku moja.

Ipo pia hatari upande wa pili ambayo wapinzani hawa hawaitaji. Wanaoibiwa wengi huishia kusuluhishwa kienyeji katika ofisi ya LC1. Mahakama za halmashauri za mitaa, zilizowekwa na sheria ya mwaka 2006, zina kazi yake katika madeni na ugomvi wa majirani. Hazina uwezo wa kusikiliza ufisadi. Na pale ambapo mtuhumiwa ni mwenyekiti mwenyewe, kumpelekea malalamiko ni kumpelekea fisi kesi ya mbuzi.

Mgawanyo tunaoupendekeza

Kwa hiyo iwekwe kanuni iliyo wazi, itangazwe kabla fedha nyingine hazijatolewa. Kesi za wizara, benki na mitandao inayovuka wilaya nyingi ziende kwenye mahakama ya ufisadi ya Kampala. Kesi za orodha ya mtaa mmoja zisikilizwe na hakimu wa eneo hilohilo, na zipangiwe muda maalumu wa kumalizika. Kesi za kuvuka mpaka zifuate mfuko ulioibiwa. Na mahakama yoyote itakayomtia mtu hatiani iamuru fidia kwa jina la mlengwa, siyo faini ya kuingia Hazina peke yake.

Wakati hayo yakisubiriwa, msomaji ana la kufanya. Jina lako likitumika, hifadhi ujumbe wa simu na usiufute. Andika tarehe, mahali na jina la ofisi uliyosaini au kukataliwa, kwa sababu mahali hapo ndipo panapoweza kuamua kesi itasikilizwa wapi. Usimpe mtu yeyote kitambulisho chako aende nacho. Toa taarifa polisi au kwa ofisi za IGG, ambazo zipo pia mikoani, zikiwamo Gulu, Mbale na Mbarara, na udai namba ya faili. Ukiitwa kutoa ushahidi mbali, muulize mwendesha mashtaka kwa nini kesi haikufunguliwa karibu, na kama unaweza kuhojiwa kwa picha na sauti.

Fedha za Julai 2021 zilitoka mara moja, lakini orodha hazijaisha. Kila mpango wa kumkwamua mwananchi na kila msaada wa mafuriko au ukame huanza na mtu mwenye kalamu akiuliza jina lako. Mtu huyo akijua kwamba akidanganya atasimama kizimbani mbele ya wale aliowaandika na wale aliowaruka, kalamu yake itakuwa nzito kidogo.